Antena moja, mashini saba: kugawa intaneti ya nyumba Kasongo na Kabambare

Saa ya magaribi katika mitaa ya Kasongo, ukiona vijana wanne wamesimama kando ya ukuta wa mtu, vichwa chini, usiite mwizi. Wanatafuta wifi. Mwenye nyumba alilipa abonema kwa ajili ya ordinatere moja ya kazi yake. Leo wako ndani watoto wawili wa université, shemeji anayeuza vitenge kwa WhatsApp, jirani mwalimu, na jirani wa jirani ambaye hakuna anayekumbuka nani alimpa neno la siri. Juma la kwanza wote wanafurahi. Juma la pili mtoto anataka kutuma TFC yake kwa profesa kabla ya saa sita ya usiku, na ile duara ndogo kwenye skrini inazunguka tu, inazunguka tu.

Hapo njo ugomvi unaanza. « Mnakula koneksio yangu! » Kila mtu anamtazama mwenzake. Shemeji anaapa kwamba ametuma picha tatu tu. Na pengine anasema kweli. Mara nyingi mlaji mkubwa si mtu. Ni mashini fulani iliyowekwa kwenye kona, hakuna anayeigusa, na inavuta giga nzima kimya kimya. Wale wanaoumia ni wenye kuhitaji kidogo sana: kutuma ukurasa mmoja, kuangalia kama mshahara umefika, kusikia sauti ya mtoto aliye Kalemie.

Siku hizi watu wanaongea sana juu ya antena: ya nani, bei gani, inatoka wapi. Juu ya kugawa hawaongei. Lakini kwa nyumba nyingi za kwetu, kugawa njo kunaamua kama ile feza ilitumika ao ilitupwa.

Inafikaje kwanza

Katika Maniema ya kusini intaneti inaingia nyumbani kwa njia tatu. Ya kwanza ni telefone yenyewe: unanunua mega, unafungua partage, na ordinatere inakunywa kwa telefone. Ya pili ni kale kamodemu ao karuta kenye kadi SIM ndani yake. Ya tatu ni antena ya satelaiti. Hii ya tatu ilikuwa na hadithi ndefu. Mwezi wa Machi 2024, ARPTC, ile mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilitangaza kwamba Starlink haina ruhusa katika inchi yetu. Mwezi wa Mei 2025 ikatoa leseni. Kati ya tarehe hizo mbili antena hazikungojea karatasi, kila mtu wa huku mashariki anajua.

Ukitumia telefone, kumbuka mambo mawili. Telefone nyingi zinasimama kwenye wageni 8 ao 10, na kabla ya kufika hapo betri inakuwa moto kama yai la kuchemsha. Kama ordinatere ni moja tu, acha wifi, tumia kamba ya USB ileile ya kuchajia: koneksio inakuwa imara zaidi, na ordinatere inailisha telefone. Ni kitu kidogo, lakini watu wengi hawajui kwamba kamba ile inabeba intaneti pia.

Sanduku la posta la misioni

Namna gani mlango mmoja unapitisha mashini saba bila kuchanganya mambo yao? Wazee wetu watafahamu upesi kuliko vijana, sababu walijua posta. Zamani mtu wa kijiji hakuwa na sanduku lake. Aliandikiwa kwa B.P. ya misioni, ya shule ao ya kampuni, na juu ya bahasha waliandika « s/c », maana yake barua ipitie kwa mkono wa fulani. Sanduku moja, barua za watu mia. Sekretere alifungua, akasoma majina, akawaita.

Ruta ya nyumba inafanya kazi ya yule sekretere. Kampuni inakupa anwani moja. Ndani ya nyumba, ruta inapatia kila ordinatere na kila telefone anwani ndogo ya nyumbani, ambayo mara nyingi inaanza na 192.168. Anwani za namna hiyo ziliwekwa kando kwa matumizi ya ndani peke yake. Ruta ya Kasongo na ruta ya Bruxelles zinaweza kutumia ileile bila kugongana, sababu haitoki nje ya parsele.

Mashini yako ikiomba kitu huko nje, ruta inafuta anwani ndogo, inaandika ile anwani moja ya nyumba, inaongeza namba, na inaweka alama katika daftari lake: namba hii ni ya mashini ya Mama, namba ile ni ya mtoto. Jibu likirudi na namba, ruta inaangalia daftari na kuligawa. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Barua ikija kutoka nje bila namba inayojulikana, ruta inaitupa. Ndiyo sababu mtu wa mbali hawezi kugonga ovyo ovyo mlango wa ordinatere iliyo nyuma ya ruta.

Ujanja huu ulitokea mwaka 1994, sababu ya upungufu. Intaneti ya zamani ilitengenezwa kwa anwani karibu miliari 4,3 tu, kwa dunia ambayo leo iko na watu zaidi ya miliari 8, na wengi wao wana vyombo viwili ao vitatu kila mtu. Kampuni za telefone zenyewe zinafanya vilevile, na Starlink pia: mara mingi ile anwani « yako » unaigawana tayari na wateja wengine usiowajua. Kwa hiyo yule anayesema kwamba intaneti ya kugawana si intaneti ya kweli, mwambieni kwamba hata yake ni ya kugawana.

Mwaka 1999, Windows 98 ilipotoka mara ya pili, ilikuja na uwezo wa kufanya ordinatere moja iwe mlango wa zingine. Ilibidi ile mashini kubwa iwake wakati wote; mwenyewe akiizima na kwenda kulala, wote wanakatika. Leo karuta kadogo kanafanya kazi ileile kwa wati chini ya 10. Kama kwenu bado mnapitia kwenye ordinatere ya mtu, hapo mnapoteza umeme bure.

Mlaji asiyeonekana

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Tuseme koneksio yenu inashusha megabiti 5 kwa sekunde. Sasisho kubwa la Windows linaweza kufika giga 3. Kwa mwendo huo, mashini moja peke yake itashika njia yote kwa saa moja na dakika 20. Mashini saba, kila moja ikivuta yake, ni zaidi ya saa tisa. Hakuna mtu aliyefanya kosa. Mashini zimewashwa, zimeona wifi, zimesema: hii ni nyumba ya matajiri, tule.

Dawa iko, na haiombi hata franga moja. Katika Windows ya Kifaransa, fungua « Paramètres », ingia « Réseau et Internet », chagua wifi ya nyumba, halafu washa « Connexion limitée ». Ile mashini itaelewa kwamba giga zinalipwa, na itaacha kuvuta masasisho makubwa yenyewe. Fanyeni hivyo kwa kila mashini, si kwa moja. Hata telefone za Android ziko na kitu cha namna hiyo kwa kila wifi.

Lakini msiyaache masasisho kabisa, sababu ndiyo yanayoziba matundu ambamo virusi vinapita. Chagueni saa. Antena za nyumba nyingi hazina kazi usiku wa manane; kama betri inakubali, mashini moja itolewe ile kizuizi na ivute. Halafu njo sehemu ambayo sifahamu kwa nini haifundishwi kwenye kila sekretaria ya fotokopi: Windows 10 na 11 ziko na mpango unaoitwa « Optimisation de la distribution ». Ukiuwasha na kuchagua PC za mtandao wa ndani peke yake, mashini ya pili itachukua sehemu kubwa ya sasisho kwa mashini ya kwanza, ndani ya nyumba, bila kupanda satelaiti. Giga zinalipwa karibu mara moja tu, si mara saba.

Upande wa kupandisha ni mbaya zaidi, na watu wanausahau. Njia ya kutuma karibu kila mara ni nyembamba kuliko ya kupokea. Tuseme ni megabiti 1. TFC ya mega 3 inahitaji sekunde 24, basi. Lakini kama telefone ya mgeni imeona wifi na kuanza kupeleka picha zake 200 za arusi kwenye akiba ya mbali, kila picha mega 3, hiyo ni saa moja na dakika 20 tena, na TFC inapanga foleni nyuma ya picha. Mwanafunzi anafikiri rezo imekufa. Haikufa, imejaa. Kabla ya kulaumu kampuni, pitia kila telefone na uzime « sauvegarde » ya picha na ya WhatsApp, na zima kushusha video zenyewe zenyewe. Kwa mfano wa siku matokeo ya Examen d'État yanatoka, ile kazi ya dakika kumi inafaa kuliko kununua abonema ya pili.

Ruta zingine zinaweza kukata vipande: mashini hii isipite megabiti 1, ile isipite 2. Kama yenu inaweza, tumieni. Si ubaya. Kwenye sahani ya fufu pia kila mtu yuko na upande wake.

Kuta, mabati na radi

Wifi ni redio, na redio inachukia chuma na maji. Ruta iliyowekwa chini ya kitanda, nyuma ya beseni la maji, katika nyumba ya mabati, mnangojea nini kwake? Iweke juu, katikati, karibu na dirisha linaloangalia wale wanaoihitaji. Ruta nyingi zinatoa majina mawili ya wifi. Lile lenye « 5G » mwishoni halina uhusiano na 5G ya telefone. Ni mawimbi ya gigahezi 5, yana mbio lakini ukuta wa matofali unayachosha. Lile la gigahezi 2,4 ni la polepole, ila linafika kwa jirani. Mashini iliyo chumba kimoja na ruta ichukue la kwanza, za mbali zichukue la pili.

Watu wanapenda kununua vile vidude vya kurudilia wifi. Aina ya bei rahisi inasikiliza na kusema kwa sauti ileile, kwa hiyo nusu ya mwendo inapotea njiani. Afazali kamba. Kamba ya mtandao inabeba mpaka mita 100 bila kupoteza kitu, na ruta ya zamani iliyolala kwenye sanduku inaweza kuwekwa mwisho wa kamba kama « point d'accès ». Shida ya kamba inayopita hewani kutoka nyumba mpaka nyumba ni radi, na sisi wa Maniema hatuhitaji mtu wa kutueleza radi. Wingu likinuna, chomoa kamba, pande zote mbili.

Umeme sasa. Antena ya kawaida ya Starlink inakula wati 50 mpaka 100 kufuatana na aina. Ile ndogo, Mini, wati 25 mpaka 40. Chukua betri ya volti 12 na amperi-saa 100. Kwa hesabu ya vitabu ni wati-saa 1200, lakini betri ya risasi usiipitishe nusu, ukitaka iishi. Zinabaki 600. Antena ya wati 75 peke yake itakwenda saa nane. Ongeza ordinatere mbili za kubeba, kila moja wati 50, na hesabu inaanguka kwenye saa tatu na nusu, bila kuhesabu kile konvertisere inakula njiani. Jirani anayekuja na ordinatere yake « kwa wifi tu » na kuichomeka kwa ukuta, amekula umeme wa antena, yaani wifi ya wote. Wifi karibu, chaja ibaki kwenu: hiyo ni kanuni nzuri ya kuandika kwenye mlango.

Feza

Hapa urafiki unavunjika. Tuseme abonema ni dola 30 kwa mwezi na nyumba ni tano. Mtu wa kwanza atasema: sita-sita, tumemaliza. Hapana, haijaisha. Nani alinunua antena? Nani atanunua betri nyingine hii ikizeeka? Mwenye mashini tatu na mwenye telefone moja watalipa sawasawa? Na mgeni anayekaa mwezi mzima, yuko upande wa nani?

Mpango ambao unaonekana kudumu ni ule wa likelemba, sababu watu wanaujua tayari: kila nyumba inashika mwezi wake wa kukusanya na kulipa, na daftari linazunguka. Mwenye antena halipi sehemu yake ya abonema, ao analipa nusu, na ile tofauti ni kodi ya chombo chake na ya pano zake za jua. Feza kidogo inawekwa kando kila mwezi kwa ajili ya betri. Na mnaandika mapema: asiyelipa anakaa ngapi siku kabla ya kutolewa? Kuandika kabla ya deni ni mazungumuzo. Kuandika nyuma ya deni ni kesi.

Kugawana gharama kati ya jamaa ni kitu kimoja. Kuuza ni kitu kingine. Kuna wale wanaochapa vikadi vya saa moja, vya siku moja, vyenye namba za siri, na kuviuza kando ya soko ao karibu na machimbo ya zahabu upande wa Salamabila. Kazi hiyo inasaidia watu, sitasema uongo. Lakini abonema ya nyumbani ya Starlink haikubali kuuzwa tena, kampuni inaweza kuikata, na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano inaweka huduma za intaneti kwa raia wote chini ya usimamizi wa serikali. Mwenye kutaka kufanya biashara atafute abonema ya biashara na karatasi zake. Asipokuwa nazo, kila mwenye cheo anayepita atamwomba « ya kahawa », na mwisho wa mwezi kahawa itapita abonema.

Nani yuko ndani

Kumbuka sekretere wa misioni. Barua zote za parsele zinatoka na anwani moja, yako. Kijana asiyejulikana akitumia wifi yako kudanganya watu na kuwanyanganya feza ya telefone, watakaofuata nyayo watafika kwako kwanza. Tangu Machi 2023 inchi iko na Code du numérique, na makosa ya mtandaoni yana azabu zake. Kusema « sikujua alikuwa nani » ni jibu zaifu.

Kwa hiyo neno la siri lisikae mwaka mzima. Badilisha lile lililokuja na ruta, na lile la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, ambalo watu wanasahau na ambalo mara nyingi ni « admin ». Chagua ulinzi wa WPA2 ao WPA3. Ule wa zamani, WEP, mtoto wa sekondari anaufungua. Kama ruta inatoa « réseau invité », majirani na wageni waingie huko, na mashini za nyumba zibaki kwenye wifi yao. Sababu ni hii: ruta inakulinda na watu wa nje, lakini walio ndani wanaonana. Mashini yenye virusi ikiingia kwenye wifi ya familia, imeingia sebuleni. Na mashini za zamani ni nyingi: Windows 10 imeachwa na Microsoft bila matunzo ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na ordinatere nyingi za kwetu hazitaweza kupanda Windows 11. Hizo ziwekwe kwa wageni, hata kama ni za Papa mwenyewe.

Kwenye wifi ya jirani, Windows ikikuuliza kama ni « Réseau privé » ao « Réseau public », jibu « public », hata kama jirani ni mtu wa kusali pamoja nawe. Mafaili yako hayataonekana.

Na Kabambare?

Yote hayo yanafaa mtu aliye na mlango wa kugawa. Katika vijiji vingi vya teritware ya Kabambare, rezo ya telefone ni ya kupandia kilima, na kuna majuma ambayo hata kupanda kilima si salama. Livingstone alikaa muda mrefu Bambarre, ambayo wengi wanaisoma kuwa ni Kabambare ya leo. Barua yake ya Februari 1871 kwa rafiki yake Waller aliiandika juu ya kurasa zilizokuwa tayari na maandishi ya chapa, kwa kukosa karatasi. Ukurasa mmoja, maandishi mawili. Kugawana kitu chembamba si jambo jipya huko.

Mifano ya jirani iko. Huko Gulu, Uganda ya kaskazini, jimbo kuu la Kanisa Katoliki lilianzisha BOSCO mwaka 2007: koneksio moja ya satelaiti ikagawanywa kwa wifi ya masafa marefu, kwa umeme wa jua, mpaka kwenye kambi za wakimbizi wa vita. Kwetu Kivu, kisiwa cha Idjwi kilipata Pamoja Net mwaka 2016, koneksio ya kugawana iliyovuka ziwa kwa redio. Sehemu zote mbili hakukuwa na kampuni iliyokuja kuweka minara kwa ajili ya maskini. Kulikuwa na mlango mmoja, na watu waliokubaliana mapema nani atautunza. Parokia, msikiti, hospitali ao shule yenye antena Kabambare inaweza kuanzia hapo, kwa saa mbili za jioni, kwa mashini nne.

Na kuna kugawa ambako hakuhitaji intaneti hata kidogo. Ruta inaunganisha mashini za ndani hata kama abonema imekwisha: impriman moja itumikie wote, mwalimu aweke masomo kwenye mashini yake na wanafunzi wayachukue kwa wifi. Programu ya Kiwix inabeba Wikipedia nzima ya Kifaransa, pamoja na picha, ndani ya kadi ya giga 64. Ile ya Kiswahili ni ndogo zaidi, inaingia hata kwa telefone. Mashini moja iliyo na kadi hiyo inaweza kuhudumia darasa lote, na hakuna giga hata moja inayolipwa.

Hesabu ya mwisho, kwa wale wanaopenda hesabu. Giga 64 kwa koneksio ya megabiti 1 ni saa 142, karibu siku sita mchana na usiku, kama wingu halikupita na betri haikuzima. Kadi hiyohiyo katika mfuko wa shati la mtu wa moto anayetoka Kasongo, hata akilala njiani siku mbili sababu ya matope, itafika Kabambare mbele.